Kiolezo hakibebi fonti, kinabeba jina lake: namna maandishi ya AutoCAD yanavyopangwa

Ramani imechorwa ofisini, imekaguliwa, ikapelekwa steshenari kwenye flashi ili itolewe kwenye karatasi ya A1. Inaporudi, maneno "CHUMBA CHA KULALA" yamevuka ukuta yakaingia sebuleni, namba za vipimo zimebanana, na kwenye kisanduku cha jina la mradi kuna alama za kuuliza katikati ya maneno. Kuta, milango na madirisha viko pale pale vilipochorwa. Kilichohama ni maandishi peke yake. Mwenye ramani anamlaumu mwenye steshenari, mwenye steshenari analilaumu faili, na mara nyingi wote wawili hawana kosa.

Faili la DWG, yaani mchoro uliohifadhiwa na AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwa kompyuta, halina fonti ndani yake, na kiolezo cha DWT, yaani faili lenye mipangilio tayari ambalo mchoro huo ulianzia, hakina pia. Vyote viwili vina jina la fonti tu. Kompyuta inayofungua mchoro ndiyo inayokwenda kulitafuta faili la fonti lenye jina hilo, na isipolipata inaweka nyingine inayodhani inafanana. Herufi za fonti hiyo mpya zikiwa pana zaidi hata kwa kiasi kidogo, neno refu litasukuma hadi lipite mpaka wake. Kwa hiyo mtu anaposema "nimeweka Arial kwenye kiolezo, mbona imetoka nyingine?", swali lake lina majibu kadhaa, kwa sababu kati ya neno unaloliona kwenye skrini na faili la fonti kuna hatua kadhaa, na kila hatua inaweza kuharibika kivyake.

Tuanze na neno lenyewe. Ukiandika kwa amri ya TEXT au MTEXT, neno hilo kwa kawaida halijui fonti yoyote. Linajua jina la mtindo wa maandishi, tuseme Standard. Mtindo ndio unaotaja fonti, na pamoja nayo urefu wa herufi, upana wake na mwinamo wake. Ni kama jina ulilohifadhi kwenye simu: Fundi Bomba anaweza kubadilisha namba mara tatu, na wewe ukaendelea kubonyeza jina lile lile. Ukifungua amri ya STYLE na kubadilisha fonti ndani ya mtindo, maneno yote yanayoutumia yanageuka papo hapo, yawe kumi au elfu tatu.

Ila si kila kitu ndani ya mtindo kinafanya hivyo, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Fonti ikibadilika, maandishi ya zamani yanafuata. Urefu, upana au mwinamo ukibadilika, maandishi ya mstari mmoja yaliyokwisha kuandikwa yanabaki yalivyo. Mabadiliko yanahusu yale utakayoandika baadaye. Mtu anapunguza upana kutoka 1 hadi 0.8, anabonyeza Apply, hakuna kinachotokea, anadhani programu imeganda. Haijaganda. Neno la zamani lilishajiandikia upana wake siku lilipozaliwa, na kulibadilisha inabidi ulichague na kwenda kwenye dirisha la Properties.

Kisha kuna vitu vingine vinavyotumia mtindo huo kwa mlango wa nyuma. Vipimo vina mtindo wao, na ndani yake kuna mahali panapouliza: utumie mtindo gani wa maandishi? Mishale ya maelezo ina mtindo wake wenye swali hilo hilo. Majedwali yana wao, na jedwali moja lina swali hilo mara tatu: kwa kichwa cha jedwali, kwa vichwa vya safu, na kwa data. Kisanduku cha jina la mradi nacho ni bloku, yaani vitu kadhaa vilivyofungwa kuwa kimoja, yenye sehemu za kujaza, na kila sehemu ina mtindo wake. Ndiyo maana hakuna kitufe kimoja kinachoitwa "fonti ya msingi ya mchoro huu". Kinachowezekana ni kutengeneza mtindo mmoja na kuhakikisha wote hawa wanauelekea.

Kabla ya kufika huko, uamuzi wa kwanza ni aina ya fonti, maana AutoCAD inazo mbili, SHX na TrueType, na zimetoka katika ulimwengu tofauti.

Fonti za SHX zimerithi kazi za plota za kalamu, mashine za kuchora michoro kwenye karatasi. Plota hizo zilishika kalamu halisi: inashuka, inavuta mstari, inanyanyuka, inahamia kwingine. Herufi ya namna ya vitabu, yenye tumbo la wino na kingo mbili, haikufaa hapo kwa sababu kalamu ingelazimika kupaka rangi ndani ya kila herufi. Mwaka 1967 mwanafizikia Allen Hershey, aliyekuwa katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani huko Dahlgren, Virginia, alitoa herufi zilizoundwa kwa vipande vya mstari tu, zinazochorwa kwa kufuata nukta. Majina kama simplex, complex na gothic utayakuta kwake, na utayakuta pia kwenye folda ya fonti za AutoCAD, programu iliyoingia sokoni mwaka 1982. Faili la txt.shx, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililokuwa fonti ya Standard, lina vipande vichache kuliko yote. Herufi zake zimekatwakatwa kwa kona ili kompyuta dhaifu za wakati ule ziweze kuchora upya skrini bila kumchosha mtu. Leo hakuna sababu ya kuitumia. Ukiiona kwenye mchoro mpya, ujue mchoraji hakuchagua fonti, bali kaachiwa.

Faida kubwa ya SHX ambayo haijazeeka ni unene. Kwa kuwa herufi ni mstari, unene wake unafuata unene wa mstari uliowekwa kwenye leya, yaani tabaka la mchoro ambalo maandishi yamo. Ukitaka maandishi mazito, ongeza unene. Ukitaka mepesi, punguza. Kiwango cha kimataifa cha maandishi ya michoro ya kiufundi, ISO 3098, kina aina ya herufi inayoitwa B ambayo unene wa mstari wake ni sehemu moja ya kumi ya urefu: herufi ya milimita 2.5 kwa mstari wa 0.25, ya 3.5 kwa 0.35, ya 5 kwa 0.5. Kwa romans.shx au isocp.shx jambo hilo linafanyika kwenye leya kwa sekunde chache. Kwa Arial haliwezekani, kwa sababu hiyo ni TrueType, na herufi za TrueType zina unene wao ndani, na unene wa leya hauzigusi.

TrueType ni ulimwengu wa pili. Apple iliitoa mwaka 1991, Windows 3.1 ikaichukua mwaka uliofuata pamoja na Arial, na tangu hapo ni vigumu kukuta kompyuta ya Windows isiyo na Arial. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuipenda: inapatikana kila mahali. Sababu ya pili ni PDF. Maandishi ya TrueType yakitolewa kwenye PDF yanabaki maandishi, unaweza kutafuta neno au kunakili namba ya kiwanja. SHX zinatoka kama mistari. Kuanzia toleo la 2016, AutoCAD ikawa inaweka maneno ya SHX kwenye PDF kama maoni yaliyofichwa ili yaweze kutafutwa, na matokeo yake mteja anafungua ramani yake na kukuta visanduku vya maoni vimeizingira kama nzi. Dawa ni kuandika PDFSHX kwenye mstari wa amri na kuiweka 0. Ubaya wa TrueType ni uzito: mchoro wa upimaji wenye maelfu ya namba za mwinuko unakuwa mzito kuusogeza ukiwa na Arial kuliko ukiwa na romans.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Ramani za nyumba zenye maneno machache na zinazokwenda kwa mteja kama PDF, tumia Arial. Michoro ya barabara, mabomba na viwanja, yenye namba nyingi kuliko maneno, tumia romans.shx au isocp.shx. Zile fonti zinazoiga mwandiko wa msanifu, kama CityBlueprint, ziache. Zinawekwa kwenye kompyuta pamoja na AutoCAD, kwa hiyo kwenye orodha yako zinaonekana za kawaida kabisa, ila mtu asiye na AutoCAD hana habari nazo. Na ukiona kwenye orodha fonti ambayo jina lake linaanza na alama ya @, hiyo ni kwa ajili ya maandishi ya Asia Mashariki yanayoandikwa kwenda chini. Ukiichagua kwa bahati mbaya herufi zako zitalala ubavu.

Kiswahili hakina herufi za ajabu, kwa hiyo karibu fonti yoyote inatutosha. Kasoro ni moja: ile alama ndogo ya juu katika ng'. Ukiandika "Chang'ombe" moja kwa moja ndani ya AutoCAD, unapata alama iliyonyooka ambayo kila fonti inayo. Ukiliandika kwenye Word, Word inaipinda alama hiyo ipendeze, na iliyopindwa ni herufi nyingine kabisa kwa kompyuta. Nakili anwani ya mradi kutoka kwenye barua ya mteja, ibandike kwenye kisanduku cha jina la mradi, na kama fonti ya SHX uliyochagua haina herufi hiyo utapata "Chang?ombe" kwa herufi kubwa kwenye kila karatasi. Futa alama hiyo na uiandike upya kwa kibodi ukiwa ndani ya mchoro. Mchezo huo huo unazikumba alama za kipenyo, nyuzi na jumlisha-toa; ziandike kwa njia ya AutoCAD yenyewe, yaani %%c, %%d na %%p, badala ya kuzinakili kutoka kwingine.

Suala la urefu wa herufi linasumbua kuliko fonti yenyewe. Kiolezo cha acadiso.dwt, kile cha vipimo vya metriki kinachokuja na programu, kina urefu wa 2.5. Mwanafunzi anachora nyumba ya mita 12 kwa milimita, yaani uniti 12,000, anaandika "JIKO", halioni. Lipo. Lina urefu wa milimita 2.5 kwenye nyumba ya mita 12, na kwa skeli ya 1:100 lingetoka kwenye karatasi likiwa na milimita 0.025. Anachotaka ni milimita 2.5 kwenye karatasi, hivyo kwenye mchoro lazima liwe mara mia: 250. Kwa 1:50 ni 125. Mpima ardhi anayechora kwa mita kwa skeli ya 1:1000 atapata 2.5 ileile, lakini safari hii ni mita mbili na nusu za ardhi. Namba moja ina maana tatu kulingana na nani anachora nini, na kiolezo kilichotengenezwa kwa kazi moja kikichukuliwa kwa kazi nyingine kinaleta fujo ambayo watu wanaiita tatizo la fonti.

Njia safi ni kuuwekea mtindo alama ya Annotative, ukataja urefu wa kwenye karatasi, na AutoCAD ikafanya hesabu yenyewe kufuata skeli. Njia nyingine, wanayoipenda wengi wa zamani, ni kuandika maneno kwenye leyauti, yaani ukurasa wa kupangia karatasi ya kutolea, ambako uniti moja ni milimita moja ya karatasi na hakuna cha kuzidisha. Zote mbili zinafaa. Kinachoharibu ni kuzichanganya ndani ya mchoro mmoja.

ISO 3098 inapanga urefu hivi: 1.8, 2.5, 3.5, 5, 7, 10, 14 na 20. Si namba za kubahatisha. Kila moja ni iliyotangulia mara mzizi wa pili wa 2, uwiano uleule unaozipanga karatasi za A0, A1, A2 na kuendelea. Sasa angalia kinachotokea kwenye ofisi zetu. Ramani imepangwa kwa A1, ila mteja hataki kulipia A1, anaomba itolewe kwenye A3. Kutoka A1 hadi A3 ni hatua mbili, urefu unagawanyika kwa 2. Herufi ya 5 inakuwa 2.5, bado inasomeka vizuri. Ya 3.5 inakuwa kama 1.8, inasomeka kwa shida kidogo. Ya 2.5 inakuwa 1.25, na hapo fundi wa kwenye saiti anaanza kukisia. Kama unajua ramani zako zitaishia A3, basi kwenye kiolezo cha A1 maandishi madogo kabisa yawe 3.5. Hili linamsaidia msomaji kuliko ubishi wa Arial na romans.

Sasa kiolezo chenyewe. Anza mchoro mpya kutoka acadiso.dwt, kisha fungua STYLE. Kishawishi cha kwanza ni kubadilisha Standard na kumaliza. Usiishie hapo. Jina la Standard lipo kwenye kila mchoro wa AutoCAD duniani, haliwezi kufutwa wala kubadilishwa, na majina yanayofanana yakikutana moja linashinda. Tuseme umepakua bloku ya mlango iliyoandikwa kwa Standard yenye txt.shx, na kwako Standard ni Arial. Ukiiingiza, AutoCAD inaona jina tayari lipo, inaacha maana ya mgeni na kutumia ya mwenyeji. Kwa bloku ya mlango hakuna hasara. Lakini mhandisi wa umeme akinakili sehemu ya ramani yako na kuibandika kwenye mchoro wake, wewe sasa ndiye mgeni, na maandishi yako yote yanavaa fonti yake. Tengeneza mtindo wenye jina lisilokutana na mwingine kirahisi, lenye jina la ofisi ndani yake. Kisha, kwa tahadhari, ipe Standard nayo fonti ileile, kwa sababu kuna vitu vitakavyoikimbilia bila kukuambia.

Urefu ndani ya mtindo uache 0, isipokuwa una sababu. Sifuri maana yake "niulize kila mara". Ukiandika 2.5 umefunga: TEXT haitakuuliza tena urefu, na vipimo vinavyotumia mtindo huo vitashika 2.5 hata ukiandika 3.5 kwenye mtindo wa vipimo. Nimeona watu wakihangaika na sehemu ya urefu ndani ya DIMSTYLE, wakiandika 3.5, 5, 7, na namba za vipimo zisitikisike. Kufuli haikuwa kwenye vipimo. Ilikuwa kwenye mtindo wa maandishi.

Baada ya hapo zungukia wale wa mlango wa nyuma. DIMSTYLE, kichupo cha Text, chagua mtindo wako. Acadiso.dwt inakuja na mtindo wa vipimo uitwao ISO-25, unaoelekea Standard. Ukiusahau, maneno yatatoka kwa fonti moja na vipimo kwa nyingine, kasoro inayoonekana kwenye ramani nyingi kuliko zote nilizozitaja. MLEADERSTYLE kwa mishale ya maelezo. TABLESTYLE kwa majedwali, mara tatu. Kisanduku cha jina la mradi kifungue kwa BATTMAN, pitia kila sehemu ya kujaza, na ukimaliza tumia ATTSYNC ili bloku zilizokwisha kuwekwa zifuate.

Kitu kidogo kabla ya kuhifadhi: hakikisha mtindo wako ndio uliochaguliwa kuwa wa sasa. Mchoro unakumbuka mtindo uliokuwa ukitumika ulipohifadhiwa, na kiolezo ni mchoro kama mwingine. Ukihifadhi ukiwa umeacha Standard, kila mchoro mpya utaanza na Standard, na kazi yote ya juu itakuwa imekaa kabatini. Kisha SAVEAS, aina ya faili DWT. Hatimaye fungua OPTIONS, kichupo cha Files, shuka hadi Template Settings, na kwenye Default Template File Name for QNEW elekeza kwenye faili lako. Kama ofisi ina kompyuta tano, weka kiolezo kwenye folda ya pamoja na uzielekeze zote huko. Vinginevyo baada ya miezi sita mtakuwa na violezo vitano vyenye jina moja.

Hata hivyo, unaweza kufanya yote hayo na bado neno moja likakataa. Likikataa, kwanza angalia kama ni MTEXT. Maandishi ya aina hii yana uwezo wa kubeba fonti ndani ya neno lenyewe, juu ya mtindo. Mtu akiteua neno ndani ya kihariri na kuchagua Tahoma kwenye upau, au akibandika aya kutoka Word, amri ya Tahoma inaandikwa ndani ya maandishi, na mtindo hauna tena sauti juu yake. Unaweza kubadilisha STYLE mpaka kesho. Ingia kwenye kihariri, teua maneno yote, tumia Remove Formatting, na yatarudi kwenye utii.

Pili, angalia kama fonti ipo kwenye kompyuta kweli. Windows 10 na 11 zina namna mbili za kuweka fonti: kwa mtumiaji huyu tu, au kwa watumiaji wote. Ukibofya mara mbili faili la fonti na kubonyeza Install, mara nyingi inawekwa kwa mtumiaji huyo peke yake, na AutoCAD inaweza isiione kabisa ingawa Word inaiona. Iondoe, kisha bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye faili lake na uchague iwekwe kwa watumiaji wote.

Tatu ni fonti mbadala. AutoCAD ikikosa fonti inaangalia kigezo kiitwacho FONTALT, ambacho kwa kawaida kina simplex.shx. Kigezo hiki hakikai ndani ya mchoro wala kiolezo. Kinakaa kwenye kompyuta, na ndiyo sababu faili moja linaweza kuonekana tofauti ofisini na steshenari bila mtu yeyote kuligusa. Ukipokea mchoro kutoka nje na unataka kujua kinachokosekana, andika nukta peke yake kwenye FONTALT: badala ya kuweka mbadala kimyakimya, AutoCAD itakuuliza. Kuna pia faili la acad.fmp, la maandishi matupu, ambalo unaandika mstari mmoja kwa kila fonti: jina la inayokosekana, nukta-mkato, jina la kuiweka badala yake. Ofisi iliyorithi michoro ya miaka 20 iliyopita yenye fonti za kununua ambazo hakuna aliyezihifadhi, hapo ndipo pa kumalizia tatizo.

Walio kwenye miradi ya barabara na reli inayojengwa na wakandarasi wa China watakuwa wamekutana na dirisha linalodai hztxt.shx. Hiyo ni fonti ya herufi za Kichina, za aina ambayo AutoCAD inaiita Big Font, kwa kuwa herufi zake ni maelfu na haziingii kwenye SHX ya kawaida. Programu inakuja na gbcbig.shx yenye herufi za Kichina kilichorahisishwa. Ukiichagua hiyo kwa kawaida mchoro unasomeka, kwa anayekijua Kichina. Ukichagua fonti ya kawaida unapata takataka, na vipimo vilivyoandikwa katikati ya maneno vinaweza kupotea nazo.

Wa kutuma michoro nje atumie ETRANSMIT na kuweka alama kwenye sehemu ya kujumuisha fonti, ili mafaili ya SHX yasafiri pamoja na mchoro. Kwa fonti ya kununua, angalia kwanza kama leseni inaruhusu kumpa mwingine.

Michoro ya zamani ni habari nyingine. Kiolezo kinahusika siku ya kuzaliwa tu; ukikibadilisha leo, michoro ya jana haina habari. Kuburuta mtindo mpya kutoka kwenye kiolezo kwa kutumia ADCENTER kunafanya kazi pale tu ambapo jina hilo halijawahi kuwepo kwenye mchoro unaoupelekea. Likiwepo, la zamani linabaki. Kwa mchoro mmoja mmoja, njia fupi ni kufungua STYLE na kubadilisha fonti hapo hapo. Kwa michoro mingi kuna mafaili ya DWS: unahifadhi kiwango cha ofisi, unakiunganisha na mchoro kwa STANDARDS, na CHECKSTANDARDS inakuonyesha mitindo ya maandishi, vipimo na leya vilivyokiuka.

Wanaotumia programu nyingine wasidhani wameokoka. SolidWorks inagawa kazi kati ya mafaili mawili, kiolezo cha mchoro chenye kimalizio cha drwdot na mpangilio wa karatasi wenye slddrt. Fonti yake ya kuzaliwa ni Century Gothic, na unaibadilisha kwenye Document Properties. Lakini maneno ya kisanduku cha jina la mradi yanakaa kwenye mpangilio wa karatasi, na kila moja lina mahali pa kuchagua kama lifuate fonti ya hati au ya kwake. FreeCAD, ambayo ni ya bure, inafanya hivyo kwa namna ya wazi zaidi. Benchi lake la TechDraw, sehemu ya kutengenezea michoro ya karatasi, linachukua fonti ya vipimo kutoka kwenye mapendeleo ya mtumiaji, na ya kuanzia ni osifont, iliyochorwa kufuata ISO 3098. Kiolezo chake ni faili la SVG, na fonti ya kisanduku imeandikwa humo humo ndani kwa maneno. Ukibadilisha mapendeleo, vipimo utakavyoweka baadaye vinafuata na kisanduku kinabaki. Fungua SVG kwa kihariri chochote cha maandishi, tafuta font-family, badilisha kila unapoikuta, hifadhi kwa jina lako, na uelekeze mapendeleo kwenye faili hilo.